Miwani ya Rangi Mbili

Wengi wetu tumepata kuiona ile miwani ya karatasi, yenye kioo chekundu upande mmoja na cha buluu upande wa pili. Mtoto akiivaa mbele ya sinema iliyotengenezwa kwa namna yake, huinama ili jiwe lisimpige, hali jiwe lenyewe ni mwanga tu juu ya kitambaa. Je, ni uchawi? Hasha! Tufanye jaribio dogo.

Inua kidole mbele ya uso wako. Fumba jicho la kushoto, kisha lifumbue na kufumba la kulia. Kidole chaonekana kuruka! Maana macho yetu yameachana kadiri ya sentimeta 6 na nusu. Kila jicho laona toka mahali pake, wala picha zao hazilingani kabisa. Akili huzipatanisha, na kwa tofauti ile hupima lililo karibu na lililo mbali. Mwingereza Charles Wheatstone aliyaeleza hayo mwaka 1838.

Basi, watengenezaji wa sinema huyaiga macho. Hupiga picha toka mahali pawili palipo jirani, kisha huzionyesha zote juu ya kitambaa kimoja: moja kwa mwanga mwekundu, nyingine kwa mwanga wa buluu na kijani. Asiye na miwani huona mchafuko tu. Lakini kioo chekundu hupitisha mwanga mwekundu na kuuzuia ule mwingine. Kioo cha pili hufanya kinyume. Hivyo kila jicho hupokea picha yake peke yake. Picha ya jicho la kushoto ikiwekwa kulia kwa mwenzake, mitazamo ya macho hupishana mbele ya kitambaa, na kitu chaonekana kutujia. Zikiwekwa kinyume, kitu chaonekana nyuma, kana kwamba twachungulia dirishani.

Kwa njia hiyo sinema The Power of Love ilionyeshwa Los Angeles, Marekani, mwaka 1922. Lakini vioo vile huharibu rangi za picha, tena huchosha macho. Kwa hiyo Bwana Devil, sinema ya mwaka 1952 iliyotokana na habari za simba wala watu wa Tsavo, Kenya, ilitumia miwani ya namna nyingine, isiyotenganisha picha kwa rangi. Mwaka 1953 ikafuata House of Wax, na aliyeiongoza, André de Toth, alikuwa na jicho moja tu lenye kuona. Aliwaonyesha wengine ajabu ambayo yeye mwenyewe hakuweza kuiona!

Hapo pana neno kwa wazazi na kwetu sisi walimu. Mtoto akivaa miwani hii na kusema, “Sioni kitu kikitokeza,” tusimcheke wala kumwita mjinga. Huenda jicho lake moja ni dhaifu au lina kengeza, na akili imezoea kuliacha. Naye halalamiki, kwani hajui kuona kwa namna nyingine. Apelekwe kwa mganga wa macho angali mdogo. Mara nyingi miwani ya kawaida, au kulifunika jicho zima kwa muda, hulilazimisha lile dhaifu kufanya kazi. Lakini miaka ikipita, kuponya huwa kugumu. Mchezo wa karatasi waweza kutufunulia mapema yale ambayo mtoto hana maneno ya kuyasema.