Wapelekeni Watoto Msituni Wawajue Wanyama Wetu

Katika ofisi yetu ya kilimo kuna fomu moja ambayo mimi huijaza kila wiki, na wakati wa mahindi huijaza karibu kila siku. Ni fomu ya hasara iliyofanywa na wanyama shambani. Mkulima huja, huketi, nami humwuliza jina lake, kijiji chake, ukubwa wa shamba na kiasi kilichopotea, hata tufike mahali palipoandikwa "Aina ya mnyama." Hapo karibu kila mtu hunijibu kwa neno moja: nyani. Nikimwuliza, je, alikuwa mkubwa mwenye uso mrefu kama wa mbwa? Au mdogo mwenye uso mweusi? Au yule wa rangi ya moshi mwenye shingo nyeupe? Mkulima hucheka, huniambia, "Bwana Karani, mwizi ni mwizi. Andika nyani."

Nami huandika nyani. Lakini jambo hili si la kuchekea. Nyani dume hamwogopi mtoto. Kumtuma mtoto wa miaka minane peke yake akalinde shamba mbele ya kundi la nyani ni kumtia hatarini, na mahindi yataliwa vilevile. Tumbili, huyu mdogo mwenye uso mweusi, mtoto mwenye debe na kijiti aweza kumfukuza. Nguruwe mwitu huja usiku, wakati mlinzi wa mchana amekwisha kulala. Asiyemjua mwizi wake atawezaje kumlinda mwanawe, licha ya shamba?

Nilidhani ujinga huu ni wa wale wanaokuja mezani kwangu tu, mpaka siku moja nilipomwuliza binti yangu wa miaka tisa anitajie wanyama anaowajua. Alinitajia simba, twiga, hata dubu mweupe wa nchi za barafu, aliyemwona kitabuni. Nikamwuliza wanyama wa Tana. Akafikiri, akasema, "Nyani." Mimi nilisomea ualimu kabla ya kushika kalamu ya ofisi. Niliona haya.

Basi Jumamosi moja ya kiangazi, mto ukiwa chini, tuliondoka Idsowe kabla ya jua, mimi, mke wangu na watoto watatu, tukapanda pikipiki mbili hadi upande wa Wema, ambako bado kuna misitu ya ukingo wa mto. Huko alitungoja mzee mmoja aliyekua akirina asali katika misitu hiyo. Tulikuwa tumepatana naye kwa shilingi mia nane na sukari kilo moja. Kabla ya kuingia alitupa amri zake: yeye mbele, baba nyuma, watoto katikati, hapana kupiga kelele, hapana kukimbia, hapana mtu kuukaribia mto mpaka yeye aseme.

Hatukutembea sana kabla hajasimama. Aliwaonyesha watoto njia nyembamba iliyoshuka mtoni, yenye mifereji miwili na tuta la majani katikati. "Hii ni njia ya nani?" Mwanangu mkubwa akasema ni ya baiskeli. Mzee akacheka kimya. Alisema ni njia ya kiboko, kwa kuwa miguu yake ya kulia na ya kushoto huachana, na tuta hubaki katikati. Usiku hutoka kula majani, na kabla ya jua kuwa kali hurudi majini. Mtu akimzuilia njia hiyo, kiboko hasubiri kuombwa.

Binti yangu akasema, "Babu, sisi hupita njia kama hii tukienda kuteka maji asubuhi."

Mke wangu akanitazama. Sikuwa na la kusema. Watoto wangu walikuwa wameipita njia ile kwa miezi mingi, nami kazini naandika taarifa za wanyama.

Mzee hakutukaripia. Alitupeleka mahali pa juu, hatua nyingi kutoka ukingoni, akatuonyesha mamba aliyelala mchangani. Akawaambia watoto kwamba huyu wanayemwona si wa kuogopwa sana kama yule wasiyemwona. Mamba huizoea saa na mahali pa watu wanaoteka maji, akajificha chini ya maji pale pale kuwangoja. Nimesoma mabango mengi juu ya mamba, lakini watoto wangu hawakumbuki hata moja. Maneno ya mzee yule wanayakumbuka yote.

Kisha tukafika kwenye mkuyu mkubwa. Matawi yalitikisika, na mwanangu mkubwa akainama kuokota jiwe. Hiyo ndiyo desturi tuliyomfundisha wenyewe: kikitikisika kitu juu ya mti, rusha. Mzee akamshika kiganja polepole, akamwambia, "Kwanza hesabu vidole vyake." Mtoto akatazama kwa muda mrefu, akasema ni vinne. Kweli, mbega hana kidole gumba cha kufaa. Hushika matawi kwa vidole vinne kama kulabu. Huyu alikuwa mbega mwekundu wa Tana. Chakula chake ni majani machanga, machipukizi na matunda ya msituni, na tumbo lake lina vyumba, mfano wa tumbo la ng'ombe, ili aweze kuyayeyusha majani hayo. Mzee alisema katika maisha yake yote hajamkuta mbega huyo kwenye mahindi. Mimi katika fomu zangu nimemwandika mara ngapi kwa jina la nyani? Sijui, na hilo lanisumbua.

Chini ya mikindu tuliona kundi la mangabi, wenye kishungi kichwani, wakijaza mashavu yao kokwa za mkindu. Sitaki kuwadanganya wasomaji: mangabi huingia mashamba yaliyo karibu na msitu, na mkulima ana haki ya kuwafukuza. Lakini yeye na mbega mwekundu hawapatikani mahali pengine duniani ila katika misitu hii ya Tana ya chini. Mwanangu mdogo aliuliza, "Hata Nairobi hawako?" Alipoambiwa hata Nairobi, alisimama wima kama mtu aliyepewa cheo.

Najua wazee wengine hawapendi kusikia habari za wanyama. Wanakumbuka hifadhi iliyowekwa mwaka 1976 juu ya Garsen kwa ajili ya hawa mbega na mangabi, na ugomvi wa ardhi uliofuata, hata Mahakama Kuu ikaamua mwaka 2007 kwamba haikuanzishwa kwa njia ya sheria. Sisemi kwamba hasira yao haina sababu. Watu hawakuulizwa. Lakini mtoto kumjua mbega si kumpa mtu shamba lako. Tena msitu ukiisha kukatwa, mwenye hasira na asiye na hasira wote watakosa mti wa mtumbwi, kivuli na asali.

Wengine husema matembezi ya namna hii ni ya wageni wenye kamera. Mimi nasema mgeni ataondoka kesho. Mtoto wetu ndiye atakayeshuka mtoni asubuhi. Walimu wenye vyama vya wanyamapori shuleni, ambavyo vilianza Kenya mwaka 1968, wanaweza kufanya safari hii bila basi. Pasiwe na watoto wengi kwa mzee mmoja. Wavae viatu vya kufunika miguu, wachukue maji, mbwa wabaki nyumbani, na wanyama wasipewe chakula, maana mangabi akizoea muhogo wa mkononi ataufuata hadi jikoni. Wakati wa mvua na mafuriko msiende kabisa. Na mzee alipwe. Elimu yake si ya bure.

Sisi nyumbani tumehama mahali pa kuteka maji. Pamezidi umbali kwa hatua kama mia mbili, na mke wangu ndiye aliyepachagua, baada ya kutazama nyayo siku tatu mfululizo.