Farasi wa arusi si kiti cha kukodi

Arusi ya siku hizi katika nchi yetu imekuwa soko. Hema hukodiwa, viti hukodiwa, magari hukodiwa, na hata gauni la bibi arusi aghalabu hurudi kwa mwenyewe Jumatatu asubuhi. Si ajabu, basi, vijana wanaotafuta riziki waanze kuuliza iwapo wanyama nao hawawezi kukodishwa: farasi wa kumbeba bwana arusi, ngamia aliyepambwa shanga, au ndege wa madaha wa kupigwa picha kando ya keki. Jijini Nairobi na Mombasa, bwana arusi wa Kihindi kuwasili juu ya farasi ni jambo lililozoeleka. Je, kijana wa Port Victoria, huko Bunyala ambako Mto Nzoia huingia ziwani, naye ajaribu bahati yake katika biashara hii?

Swali hili lisichekwe, kwani anayebuni kazi penye uhaba wa kazi anastahili kusikilizwa. Lakini sharti lipimwe, na mizani ya kwanza imo katika lugha tunayoitumia kila siku. Kiswahili husema "kiti kimekodiwa" na "gari limekodiwa". Kiswahili sanifu hakisemi "farasi imekodiwa". Kwa umbo lake, neno farasi lingeweza kukaa ngeli moja na nyumba na meza. Sarufi imelitoa huko na kulipa upatanisho ule ule wa watu: farasi amekodiwa, farasi amechoka, farasi ameugua. Sarufi si sheria ya maadili, wala haimzuii mtu kumpiga punda wake. Hata hivyo, inatukumbusha tofauti ambayo mfanyabiashara akiisahau ataangamia. Kiti hakili, hema haliugui, na gari likizimwa halioni kiu. Yeyote atakayefanya biashara ya wanyama wa arusi kwa hesabu ya viti na hema atawatesa wanyama hao na kujifilisi mwenyewe.

Kwanza, tuulize mnyama "wa kigeni" ni yupi. Ugeni hutegemea macho ya anayetazama. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme wa Uchina twiga. Kwa watu wa Malindi huyo alikuwa mnyama wa nyikani tu. Kwa Wachina alikuwa mwujiza, wakamwita qilin, jina la mnyama wa hekaya zao. Hadi leo Wajapani humwita twiga kirin. Vivyo hivyo, kwa mkazi wa Bunyala kiboko si mgeni. Ni jirani asiyetakikana anayetoka majini usiku na kula mimea shambani. Mgeni hasa pale ni farasi.

Pili, tutenge mnyamapori na mfugo. Jina pundamilia humdanganya asiyejua akadhani kwamba huyu ni punda tu aliyeongezewa milia. Mwanzoni mwa karne ya 20, daktari mmoja wa asili ya Goa, Rosendo Ribeiro, alijulikana sana mjini Nairobi kwa kuwazuru wagonjwa wake akiwa amempanda pundamilia. Wakazi walistaajabu, lakini mtindo huo haukuenea, na zaidi ya miaka mia moja baadaye pundamilia hajawa mfugo. Kumfuga mnyama mmoja kwa nguvu ni jambo moja. Kuibadili tabia ya jinsi nzima ni kazi ya vizazi na vizazi.

Kishawishi kikubwa zaidi katika eneo la Busia ni korongo mwenye taji, ndege aliyechorwa katika bendera ya majirani zetu wa Uganda. Huonekana katika vinamasi na mashamba ya magharibi mwa Kenya. Hucheza ngoma wakati wa kutafuta mwenzi, na dume na jike hukaa pamoja miaka mingi. Ni nani asiyemtaka arusini? Lakini tangu mwaka 2012 ndege huyu ameorodheshwa kimataifa miongoni mwa viumbe walio katika hatari ya kuangamia, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kukauka kwa vinamasi na kunaswa ili akafugwe. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kumiliki mnyamapori hai au kumfanyia biashara bila kibali, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) ndilo linalosimamia jambo hilo. Kumvusha ndege huyo mpakani Busia au Malaba kunahitaji pia kibali cha mkataba wa kimataifa wa CITES. Korongo aliyekatwa mabawa ili apigwe picha na maarusi ni mali ya vizazi vijavyo iliyoliwa mchana mmoja.

Basi abaki farasi au ngamia, ambao ni mifugo halali. Hapa tunakutana na mbung'o. Mwanzoni mwa karne iliyopita ugonjwa wa malale uliua umati wa watu kandokando ya ziwa hili, hasa upande wa Busoga. Si bure kwamba kituo cha utafiti wa maradhi hayo kilijengwa Alupe, karibu na mji wa Busia. Mwezi Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa Kenya imeushinda ugonjwa wa malale kama tatizo la afya ya umma, na hiyo ni habari njema. Lakini nagana, maradhi ya namna hiyo yanayoshika mifugo, ingali ipo nchini, na farasi na ngamia huathirika vibaya. Ngamia wa Wagabra na Warendille hubeba nyumba ya bibi arusi kwa sababu nchi yao ni kavu na inamfaa. Ukimleta kwenye unyevu wa Bunyala, ambako Nzoia hufurika mara kwa mara, umemleta kuugua.

Tatu, tufanye hesabu. Farasi wa kilo 400 huhitaji takriban kilo 8 za nyasi kavu kwa siku, yaani karibu tani 3 kwa mwaka. Tuseme amepata arusi 30 katika mwaka, nyingi zikiwa Agosti na Desemba. Siku 335 zilizobaki anakula bila kuleta hata senti. Juu ya hayo, kuna daktari wa mifugo, dawa, mchungaji, kibali cha kumsafirisha na gari la kumbeba. Yapo pia masharti ya Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, yanayomwadhibu anayemchosha mnyama kupita kiasi au kumnyima maji. Kule Lamu, ambako punda wamefanya kazi karne nyingi, kliniki ya punda ilifunguliwa mwaka 1987 kwa sababu kazi pasipo matibabu ilikuwa ikiwaumiza. Lamu wana uzoefu na bado walihitaji msaada. Itakuwaje kwa anayeanza leo?

Je, kijana wetu akunje mikono? La. Mnyama wa arusi yuko pale pale, tangu zama za mababu: ni ng'ombe. Ndiye hulipiwa mahari, na katika Busia ndiye hukokota jembe. Jozi ya maksai waliozoea kazi, wakivalishwa maua na kufungwa kwenye mkokoteni safi, itambeba bibi arusi kwa heshima, na Jumatatu itarudi shambani kulima. Mnyama huyu hajilishi kwa arusi pekee, mwenyewe anamfahamu, na maradhi yake yanajulikana. Aliye ufuoni anaweza pia kuipamba mashua akawaleta maarusi kwa njia ya ziwa. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Fahari ya kuazima kutoka jangwani au kinamasini nayo haitasitiri umaskini wetu.

Walimu wa Biashara, Jiografia, Bayolojia na Kiswahili wangeweza kukutana katika swali hili moja na kuwapa wanafunzi wao kazi ya kulipima. Mwanafunzi ahesabu tani za nyasi, achore mahali penye mbung'o, asome sheria, kisha aandike kwa upatanisho sahihi. Akiisha kuandika "farasi amechoka" na kuelewa alichoandika, atajua kwamba katika biashara hii kuna mshirika mmoja asiyeweza kutia sahihi mkataba, na kwamba haki yake ni juu yetu.