Nukta Nyekundu Inamwita Nani?



Waamini wa Mji Mkongwe wameshaniuliza zaidi ya mara moja, baada ya Misa: vile vidoti vya rangi kwenye simu vina maana gani? Wengine huhofu ni virusi. Wengine hawavioni tena, kama mtu aliyezoea kelele za Darajani.

Tuanze na maana zenyewe. Kwenye iPhone, nukta ya buluu kando ya jina la programu husema programu hiyo imesasishwa karibuni. Ya rangi ya chungwa mahali hapohapo husema ni toleo la majaribio. Lakini chungwa hiyohiyo ikitokea juu kabisa ya kioo, maana yake ni nyingine kabisa: maikrofoni inatumika. Ya kijani huko juu ni kamera. Alama hizi mbili zilikuja mwaka 2020. Android wakaleta yao ya kijani mwaka 2021, kwa kamera na maikrofoni pia. Halafu ipo ile nyekundu kwenye pembe ya ikoni, mara nyingi ikiwa na namba: kuna arifa hujaisoma.

Rangi peke yake, basi, haisemi kitu. Manahodha wa Malindi wanalijua hilo. Usiku, taa nyekundu ya chombo ni ubavu wa kushoto, ya kijani ni wa kulia. Barabarani nyekundu ni simama, na kwa padre altareni ni Pentekoste au shahidi. Mtakatifu Augustino, katika kitabu chake juu ya mafundisho ya Kikristo alichokikamilisha mwaka 426, alitenganisha ishara za asili na ishara zinazotolewa. Moshi hauna nia ya kukuarifu kuhusu moto. Tarumbeta hupigwa na mtu anayetaka jambo. Kwa ishara za namna hii ya pili, kuuliza maana hakutoshi. Tuulize pia nani kaitoa, na kwa faida ya nani.

Mnara wa taa wa Chumbe, uliojengwa mwaka 1904, humwakia nahodha ili asipande mwamba. Nukta ya kijani inafanana nao: inawaka kwa sababu kamera imewashwa, na inamlinda mwenye simu. Ukiiona na wewe hujafungua kamera, usipuuze. Angalia ni programu ipi uliyoipa ruhusa, uiondolee. Kwetu hili ni zito. Mtu anayemfungulia mlezi wake moyo ana haki ya kujua kwamba simu iliyo mezani haisikilizi.

Nyekundu ni habari nyingine. Mara nyingi nyuma yake kuna mtu kweli: mama anayeuliza kama umefika salama na boti, au mwenyekiti wa jumuiya anayetangaza mgonjwa. Lakini rangi hiyohiyo hutumiwa na mchezo au duka linalotaka tu ulifungue, kwa kuwa biashara yao inaishi kwa muda wetu. Kuita si kosa. Ninachokikataa ni mgonjwa na tangazo la viatu kuitiwa kwa ishara moja.

Unguja inaishi kwa miito. Adhana ina nyakati zake, kengele ya Malaika wa Bwana ina nyakati zake, na katikati mtu huachiwa kazi yake. Nukta haina wakati.

Ndani ya Minara Miwili kuna taa inayowaka mbele ya tabernakulo. Kanuni ya 940 ya Sheria ya Kanisa inataka iwake daima palipohifadhiwa Ekaristi. Taa hiyo haina namba. Haihesabu siku ulizokosa kuja, wala haizimiki kwa sababu umeitazama. Inasema tu kwamba Yupo. Ni vigumu kukaa mbele yake huku kidole kikifuta nukta mfukoni (na mfukoni huonekana, ndugu zangu, msidhani hapana).

Sipendekezi tutupe simu. Mseminari aliyetumwa kichungaji huko shamba huenda hapatikani kwa njia nyingine. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya arifa, uzime nukta programu moja baada ya nyingine. Bakiza simu na ujumbe, maana huko ndiko watu waliko. Mzazi anaweza kuifanya kazi hiyo pamoja na mwanawe, huku akimweleza sababu. Haichukui hata robo saa, na bando haliguswi.