Manukato ya Halua Yapimwe Ngozini

Manukato matamu, yanukiayo kama halua ingali motoni, yamepanda bara hadi maduka ya Kitale na Bungoma. Mashuhuri katika aina hii ni Angel ya Thierry Mugler, iliyotolewa Ufaransa mwaka 1992: ndani yake mna etili maltoli, yenye harufu ya sukari iliyoungua, na pachuli nyingi ya kuutuliza utamu. Wazungu waliona ajabu. Sisi, ambao udi wetu wa kupika hutiwa sukari na miski, hatuna la kushangaa.

Tulilonalo ni la uuzaji. Muuzaji hupuliza kwenye kikaratasi, mteja akanusa, akalipa. Kumbe harufu ile ya kwanza, ya matunda na michungwa, ni nyepesi, huruka upesi. Vanila na pachuli ni nzito, hungoja joto la mwili, kisha hukaa mpaka usiku. Bibi wa watu amenunua harufu ya dakika kumi, akaenda kuishi na nyingine!

Na baridi ya Kitale, kwenye mita 1,900 hivi, huyachelewesha kuamka. Bungoma iko chini zaidi, joto huyatoa mbio. Ajimwagiaye huko huwakera wenziwe matatuni.

Basi wenye maduka, mpakeni mteja kifundoni mwa mkono, aende sokoni kununua mboga zake, arudi baada ya saa nzima. Akiwa bado ayapenda, ndipo alipe.