Mwaka Mmoja wa Uuguzi si Lelemama

Liko neno linalotembea midomoni mwa vijana wetu walioko Marekani, na huku nyumbani nalo limekwisha fika. Wasema ya kwamba mtu mwenye digrii ya somo lo lote aweza kuwa muuguzi kamili, mwenye digrii ya uuguzi, kwa mwaka mmoja tu. Neno hilo ni kweli. Lakini ni kweli iliyosemwa nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo inayowaangusha watu. Wako walioacha kazi, wakakopa fedha, wakaagana na ndugu kwa shangwe, kisha kabla muhula wa pili haujaisha wametolewa chuoni, na deni liko shingoni. Hao si wajinga. Walianza safari bila kuambiwa urefu wa njia. Leo twataka kuusema urefu huo waziwazi, ili anayekwenda aende akijua, na anayebaki ajue wajibu wake.

Mpango wenyewe si mpya. Chuo Kikuu cha Saint Louis, katika jimbo la Missouri, kiliuanzisha mwaka 1971, na sasa umeenea karibu majimbo yote ya nchi ile. Kwa kawaida kijana aliyetoka sekondari husomea digrii ya uuguzi kwa miaka 4. Sehemu kubwa ya miaka hiyo huenda katika masomo ya jumla: lugha, historia, hesabu na sayansi za mwanzo. Mtu mwenye digrii amekwisha yasoma mengi ya hayo, kwa hiyo harudishwi nyuma. Huingizwa moja kwa moja katika uuguzi, akaumaliza kwa miezi 11 hadi 18. Fumbo lote liko hapo. Yaliyoondolewa ni yale aliyokwisha yasoma. Uuguzi haukupunguzwa: wodi ni zile zile, mtihani wa leseni ni ule ule, na mgonjwa ni yule yule.

Twajua kwa nini neno hili limewavuta watu wetu. Wengi wamefika Marekani na digrii za biashara, ualimu au kilimo, wakakuta haziwapatii kazi ya kadiri yao. Wakaingia katika nyumba za kutunzia wazee, wakawa wasaidizi wa wauguzi: kumwogesha mzee, kumgeuza kitandani asipate vidonda, kumlisha. Kazi hiyo si aibu, bali ni kazi ya heshima. Lakini mtu mwenye elimu amwonapo nesi akishika funguo za kabati la dawa, akisoma chati na kutoa shauri mbele ya daktari, hujiuliza: kwani mimi siwezi? Swali hilo ni jema, na jibu lake ni: waweza. Wanaume nao wasidhani kazi hii ni ya akina mama peke yao. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Basi tuanze na mlangoni.

Kwanza ni ile digrii ya kwanza. Vyuo vingi hutaka mtu awe amepata alama zisizopungua 3.0 kwa kipimo chao cha 4.0. Aliyesoma Makerere, Nairobi, Dar es Salaam au Lubumbashi hana budi kupeleka hati zake kwa mashirika yanayopima digrii za nchi za nje, na zile zilizoandikwa kwa Kifaransa zitafsiriwe kwanza. Kazi hiyo yaweza kula miezi, hasa pale chuo cha nyumbani kinapochelewa kutuma matokeo. Tena vyuo vingi hutaka mtihani wa Kiingereza kwa mtu aliyesoma kwa lugha nyingine. Mwenye akili huanza kuziandikia ofisi za chuo chake cha zamani leo, hangoji siku ya kuomba nafasi.

Pili ni masomo ya awali. Hapa ndipo hesabu ya mwaka mmoja inapovunjika. Kabla hajapokewa, mwombaji hana budi kuwa amesoma na kufaulu anatomia na fiziolojia, yaani maumbile ya mwili na kazi zake, pamoja na elimu ya vijidudu, kemia, takwimu, lishe, na saikolojia ya ukuaji wa binadamu. Masomo ya sayansi hutakiwa yawe na mazoezi ya maabara. Vyuo vingi tena havikubali masomo ya sayansi yaliyokwisha pitwa na miaka 5, 7 au 10, kila chuo na sheria yake. Mtu aliyesomea uhasibu akamaliza zamani atahitaji mwaka mzima au zaidi kuyapata hayo. Kwa hiyo anayemwambia mkewe au mumewe kuwa ni mwaka mmoja, na amwambie miaka 2, ndipo atakuwa amesema kweli.

Tatu ni afya na mwenendo. Mwanafunzi huonyesha ushahidi wa chanjo za homa ya ini aina ya B, surua, tetekuwanga na nyinginezo, na hupimwa kifua kikuu. Jambo hili liwaelee watu wetu. Wengi tulichanjwa BCG utotoni, na kovu liko begani. Chanjo hiyo yaweza kufanya kipimo cha ngozi kionyeshe ugonjwa ambao haupo. Usiogope wala usifiche: eleza kuwa ulichanjwa, uombe kipimo cha damu. Kisha huchukuliwa alama za vidole na kutazamwa kama mtu ana kesi za jinai, na hupimwa kama atumia dawa za kulevya. Asijidanganye mtu kwamba katika jimbo lake bangi imeruhusiwa. Sheria ya jimbo haimzuii mwenye hospitali kumfukuza mwanafunzi.

Wako watakaonung'unika kuwa mlango huu ni mwembamba mno. Sisi twasema wembamba wake ndio usalama wake, na mfano tunao wenyewe. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, Tanzania ilitaka kila mtoto aingie shule upesi. Walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakafundishwa ualimu huku wakishika chaki, kwa masomo ya posta na ya redio. Vijana wale walifanya kazi kubwa, na mamilioni ya watoto walijua kusoma na kuandika. Twawaheshimu. Lakini taifa lilijifunza pia kuwa haraka iliyopatikana kwa kushusha mlango hulipiwa baadaye darasani. Mpango huu wa uuguzi umefanya kinyume: umepata haraka kwa kuupandisha mlango. Anayeingia amekwisha jifunza kusoma, kuandika na kufikiri chuoni. Ukiutaka ule ufupi, ukubali na ule wembamba.

Sasa tuingie ndani.

Wiki ya mwanafunzi huyu haina siku ya kupumua. Kuna darasa, kuna chumba cha mazoezi ambapo hujifunza kuchoma sindano na kusafisha vidonda kwa masanamu, na kuna wodi. Zamu ya wodi mara nyingi ni ya saa 12, na huanza saa moja asubuhi au kabla yake. Huko hupita katika wodi za watu wazima, watoto, wazazi na wagonjwa wa akili, na huenda hata majumbani mwa watu. Siku ya wodi ikikosekana, sharti ilipwe. Mwanafunzi wa miaka 4 akiugua wiki 2 aweza kujikokota akawafikia wenzake. Huyu wa mwaka mmoja akiachwa wiki 2, wenzake wamekwisha maliza moyo na wamefika kwenye figo.

Alama nazo si za kubahatisha. Katika vyuo vingi asiyefika 75 kwa 100, au hata zaidi, amelishindwa somo, na akishindwa masomo 2 hutolewa. Juu ya hayo uko mtihani wa hesabu za dawa, ambao vyuo vingi hutaka mtu apate 90 kwa 100, na vingine hutaka 100 kamili. Msomaji asidhani huo ni ukatili. Daktari ameandika miligramu 125 kwa mtoto. Chupa ina miligramu 250 katika kila mililita 5. Jibu ni mililita 2.5. Nesi akiiruka nukta akavuta mililita 25, amempa mtoto dawa mara 10. Shuleni kosa la nukta ni alama moja. Wodini ni jeneza dogo. Ndiyo maana hatuungi mkono kilio cha kutaka masharti haya yalegezwe, hata kama wanaolia ni wa kwetu.

Fedha ndiyo inayowaumbua wengi. Ada katika vyuo vingi hufika makumi ya maelfu ya dola. Ule msaada wa serikali uitwao Pell, usiorudishwa, hapewi mtu mwenye digrii tayari, hata kama ni maskini wa namna gani. Hubaki mikopo, na mikopo ina mwisho wake. Wakati huohuo vyuo humwonya mwanafunzi asifanye kazi, na vingine hukataza kabisa. Mwenye viza ya mwanafunzi, kwa sheria, hapewi zaidi ya saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa masomo, tena ndani ya chuo. Anayefikiri atafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee na kwenda darasani asubuhi amekwisha jihukumu. Huanza kwa kusinzia, na mwisho wake ni ile nukta tuliyoitaja.

Akimaliza chuo bado hajawa nesi. Upo mtihani wa leseni uitwao NCLEX, unaofanywa kwa kompyuta. Tangu Aprili 2023 maswali yake hayapungui 85 wala hayazidi 150, na muda ni saa 5. Kompyuta hulitazama jibu lako kisha huchagua swali la kukufuata: ukijibu vema, linalokuja ni gumu zaidi. Hauulizi sana umekariri nini. Huuliza: wagonjwa 4 wako mbele yako, utaanza na nani, na kwa nini?

Kwa sababu njia ni ngumu, wamezuka wauza njia za panya. Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza mashtaka ya watu 25 kwa kuuza hati za bandia za uuguzi zaidi ya 7,600, kutoka shule 3 za Florida ambazo zilikwisha fungwa. Wanunuzi walilipa maelfu ya dola kwa karatasi tupu, wakaruhusiwa kukalia mtihani wa leseni, na wengine wakafaulu, wakaingia wodini. Baadaye leseni zikafutwa mmoja mmoja. Ndugu, kabla hujalipa hata senti moja, iulize bodi ya uuguzi ya jimbo lako kama chuo hicho wanakitambua. Anayekuahidi digrii bila wodi anakuuzia aibu.

Basi, wajibu wetu ni nini? Mwanafunzi ameombwa mengi, naye ayatimize: aweke akiba kabla ya kuanza, amalize masomo ya awali kwa alama nzuri, na ajue hesabu za dawa kama ajuavyo jina lake. Lakini hatashinda peke yake. Mume asikae akingoja chai wakati mkewe ana mtihani kesho, na mke asimhesabie mumewe kila saa aliyokaa na kitabu. Chakula kipikwe na aliye na nafasi.

Na sisi tulioko nyumbani tujitazame. Simu ya karo, simu ya bati la nyumba, simu ya mchango wa harusi, zote humwendea mtu mmoja. Mwaka huo zinyamaze, ila kwa ugonjwa na msiba. Ndugu wakae kikao kabla hajaanza, waandike ni nani atakayemlipia mama dawa na nani atakayemsomesha mdogo wake kwa miezi 18. Watu wetu walioko katika miji ya Marekani nao, kama wawezavyo kuchangia arusi kwa wiki moja, waweza kucheza upatu kwa ajili ya mwanafunzi mmoja, na kumlelea watoto siku za zamu.

Wako watakaouliza, nchi zetu zapata nini katika hayo? Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2025 kuwa dunia ilipungukiwa na wauguzi milioni 5.8 mwaka 2023, na upungufu mkubwa uko katika nchi kama zetu. Hatutamfunga mtu kamba. Twamwomba tu asizisahau wodi zilizomzaa, na siku atakapokuwa na maarifa ya kufundisha, arudi hata kwa mwezi mmoja, afundishe.

Mwaka mmoja ni mfupi kwa anayehesabu siku, ni mrefu kwa anayekesha. Aliye tayari kukesha na aende, na sisi tushike taa. Asiye tayari na angoje ajitayarishe, kwani mgonjwa hana mwaka wa kumngojea ajifunze alichokiruka.