Kuchomeka Siyo Kufanya Kazi: Muulize Mteja Kabla ya Kumuuzia Waya wa MIDI

Leo naongea na mnaouza vifaa vya muziki mtandaoni, hasa waya na adapta. Msimamo wangu ni huu: mteja akikuandikia "nataka waya wa kuunga pedali yangu na kinanda", usikimbilie kumtumia bei. Muulize kwanza. Kujua waya gani unafaa ni kazi yako wewe muuzaji, siyo ya kwake.

Pedali ya MIDI, ile yenye vitufe vya kukanyaga kwa mguu, haitoi sauti yoyote. Inatuma amri tu: badilisha sauti, anzisha mdundo, simamisha. Wanaotuulizia huku Mwananyamala ni wapiga vinanda wa makanisani, watu wa bendi na vijana wa studio. Amri zisipofika kwenye kinanda, mteja anajua umemuuzia kimeo, hata kama waya wenyewe ni mzima kabisa.

Kuna mitego mitatu.

Wa kwanza ni tundu la duara la pini 5. Hilo lipo tangu MIDI ilipoingia sokoni mwaka 1983 na bado liko kwenye vifaa vingi. Mteja akitaka kutoka hapo kwenda USB ya kompyuta, kichwa cha kubadilisha umbo tu hakitamsaidia. Panatakiwa kifaa chenye saketi ndani, cha kutafsiri upande mmoja kwenda mwingine. Na pini 5 kwa pini 5, OUT ya pedali inaenda IN ya kinanda. Ukichomeka OUT kwa OUT, kimya.

Wa pili ni USB kwa USB. Pedali ina tundu la mraba, kinanda nacho kina la mraba limeandikwa TO HOST. Mteja anaomba waya wenye vichwa vya mraba pande zote mbili. Hata ukiupata, hautafanya kazi. Vifaa vyote viwili vinasubiri bosi avipange, na bosi hayupo. Lazima katikati pawe na kompyuta, au simu inayokubali adapta ya OTG, au kiboksi maalumu cha kufanya kazi hiyo ya ubosi.

Wa tatu ndiyo mbaya zaidi, maana macho hayakusaidii: jeki ndogo ya milimita 3.5. Kuna aina A na aina B. Kwa nje ni mapacha. Ndani, aina A inapeleka pini ya 5 kwenye ncha ya jeki na pini ya 4 kwenye pete, aina B kinyume chake. Mwaka 2018 aina A ndiyo ilipitishwa kuwa ya wote, lakini kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na yake. Korg walitumia A, Arturia na Novation walitumia B, na vifaa vya miaka ile bado vinauzwa mkononi. Na lile tundu nene la pedali ya sustain kwenye kinanda ni swichi tu, halipokei MIDI.

Kwa hiyo kabla hujapokea hela, omba vitu vitatu:

1. Picha ya matundu ya pedali na ya kinanda, na maandishi yake yasomeke.
2. Jina na modeli ya kila kifaa, uangalie mwongozo wake.
3. Umbali. Waya wa MIDI wa pini 5 usizidi mita 15.

Najua mtaniambia, "Dogo, mteja ukimuuliza sana anahamia kwa mwingine." Kweli, wapo watakaohama. Lakini piga hesabu. Faida ya waya mmoja ni ndogo. Mzigo ukienda Mbeya kwa basi halafu ukarudi, kuna nauli ya kifurushi mara mbili, na bodaboda kutoka stendi ya Magufuli kule Mbezi hadi Mwananyamala. Faida imeisha na umeingia mfukoni. Na huyo aliyekuwa anataka kupiga Jumapili ibadani, Jumapili yake imeshapita. Hela unaweza kumrudishia, ile siku huwezi.

Na kama umeangalia picha na bado huelewi, mwambie ukweli, mwelekeze kwa fundi. Kukosa mauzo ya leo ni nafuu kuliko kusemwa kwenye magrupu ya wanamuziki, maana wale wanajuana wote.

Ukitumia WhatsApp Business, yahifadhi hayo maswali kwenye majibu ya haraka leo hii. Mteja akiuliza waya, unabonyeza, yanaenda. Dakika mbili tu hizo.

Wewe unauza nini chenye vichwa vinavyofanana lakini kazi tofauti? Tuambie hapa, wenzako wasije kuingia hasara.