Kuonja Si Kulewa: Adabu ya Kuketi Penye Mtungi





Juma lililopita nilipata barua ya kijana wa parokia yetu ambaye siku hizi anafanya kazi Dar es Salaam. Wenzake wa ofisini wamemwalika kwenda kuonja bia katika kiwanda kidogo, mojawapo ya vile vinavyopika bia kidogo kidogo kwa mapishi yao wenyewe. Ameambiwa kwamba kila mgeni huletewa bilauri ndogo nne au tano, kila moja ikiwa na bia ya namna yake, na marafiki huketi wakilinganisha rangi, harufu na ladha. Aliniuliza: "Baba Paroko, huko watu huketije? Sipendi nionekane mshamba."

Nilitabasamu kwanza, kisha nikaona kwamba swali lake si dogo. Kijana huyu anadhani anakwenda kujifunza jambo la kigeni, na hali jambo lenyewe limekaa uani kwa bibi yake miaka yote. Pombe ya ulezi huanzia kwenye kuloweka nafaka, kuiotesha, kuianika na kuisaga iwe kimea. Kisha huja kupika uji, kuuchanganya na kimea, kuuacha uchachuke na hatimaye kuuchuja. Ni kazi ya siku nyingi, na kila mpishi ana mkono wake. Vivyo hivyo wanzuki, pombe ya asali ambayo sisi wa Katavi na jirani zetu wa Tabora tunaijua vizuri. Bia iliyopikwa kwa mikono, kwa kiasi kidogo, yenye ladha ya mpishi wake, si ngeni kwetu hata kidogo. Na adabu yake pia tunayo, ingawa naogopa kwamba tunaisahau. Nimemjibu kijana, na leo ninawashirikisha ninyi niliyomwandikia.

Kwanza, mwenyeji huonja kabla ya mgeni. Katika makabila mengi ya nchi yetu mwenye pombe hateki kata akampa mgeni moja kwa moja. Hunywa yeye kidogo mbele ya macho ya wote, ndipo humpa mwenzake. Maana yake inaeleweka bila maneno: ninachokupa nimekinywa mimi, kama kina ubaya, uanze kwangu. Hiyo ndiyo adabu iliyo mama wa adabu zote za pombe. Mwenye kukaribisha anabeba dhamana ya uhai wa anayekaribishwa.

Lakini hapa lazima niseme neno la tahadhari. Desturi hiyo ilizaliwa kwa ajili ya pombe iliyochachushwa, wala haiwezi kumkinga mtu na gongo ya vichochoroni. Mwezi Novemba 2000 jijini Nairobi watu zaidi ya 100 walikufa, na wengine wakapofuka, kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Sumu hiyo haina haraka. Mnywaji aweza kujiona mzima kwa saa 12 au zaidi, kisha macho yakaingia ukungu na pumzi ikabana. Basi mwuzaji akionja mbele yako na kucheka, hajakuthibitishia kitu. Usichokijua kimepikwa na nani, wapi na kwa nini, usikionje.

Pili, onja kwa utaratibu. Wazoefu wa bia hizi za mjini huanza na iliyo nyepesi na kumaliza na iliyo kali, kwa maana ulimi uliokwisha kupigwa na ladha kali hausikii tena ladha ya upole. Hunusa kabla ya kunywa, hunywa maji katikati, wala hawajipaki manukato mazito yanayoharibu pua za wenzao. Ndugu zetu Wateso, walioko Uganda mashariki na Kenya magharibi, huketi kuuzunguka mtungi mmoja wa ajono, kila mtu na mrija wake mrefu. Nao wana makatazo yao: mrija haushikwi kwa mkono wa kushoto, wala mtu hapulizi ndani ya mtungi. Ukiyatazama makatazo hayo na utaratibu wa mjini utaona jambo moja: chombo ni cha wote, basi kila mmoja ajizuie kwa ajili ya mwingine. Nasi tulio kando ya ziwa, ambako kipindupindu si hadithi, tuongeze hili: maji yawe safi, na kila mtu awe na kikombe chake. Desturi haivunjiki kwa kuosha vikombe.

Tatu, ulimi uwe na kiasi katika kusifu na katika kulaumu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa za uongo humharibu mpishi. Dharau humvunja moyo. Mkumbukeni mkuu wa meza katika arusi ya Kana. Yeye alionja asijue divai ile imetoka wapi, akasema wazi alichokionja, naye alimwambia bwana arusi mwenyewe. Huo ni uonjaji wa haki. Usijifanye kusikia ladha ya matunda usiyopata kuyaona kwa sababu tu aliyeketi kando yako amesema anaisikia. Na wewe mjuzi, usiigeuze meza kuwa darasa. Yoshua bin Sira, katika sura ya 32, anamwelekeza aliyewekwa kuwa mkuu wa karamu asijikweze, bali awe kama mmoja wao, na aketi baada ya kuwahudumia wengine.

Nne, na hapa ndipo moyo wangu ulipo, usimlazimishe mtu.

Niruhusuni niungame jambo. Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa katika sherehe ya ubatizo. Ilikuwa siku za mbalamwezi. Mnajua kwamba wavuvi wetu wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukikolea taa hazivuti samaki, nao hupumzika nchi kavu wakiwa na fedha mfukoni. Pombe ilipofika, mwanamume aliyeketi mkabala nami alifunika kikombe chake kwa kiganja. Mimi, kwa mzaha, nikamwambia mbele ya watu kwamba hata Bwana wetu alikunywa divai, na kwamba kikombe kimoja hakijapata kumwangusha mtu. Watu wakacheka. Yeye naye akacheka, akaondoa kiganja.

Sikujua kwamba alikuwa ameacha pombe kwa miaka minne. Baada ya majuma mawili mke wake alikuja nyumbani kwa mapadre. Hakunilaumu. Aliomba tu nimkumbuke mume wake katika Misa, kwa kuwa fedha ya nyavu ilikuwa imeishia kilabuni. Mama yule pengine hakujua ni nani aliyekiondoa kile kiganja. Mimi nilijua. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto kwamba, ikiwa chakula kinamkwaza ndugu yake, yeye hataila nyama kamwe. Nami niliyesoma maneno hayo seminarini kwa miaka mingi nilishindwa kuyaona yalipoketi mbele yangu na kikombe mkononi.

Kwa hiyo namwambia kijana wetu, na ninyi pia: anayefunika kikombe asiulizwe sababu. Huenda yumo katika dawa za kifua kikuu, ambazo pamoja na pombe huliumiza ini. Huenda ni mama aliye na mimba changa ambayo hajapenda kuitangaza. Huenda ni jirani yetu Mwislamu, au Mlokole, aliyekuja kwa upendo tu. Huenda ni mtu anayepigana vita ambavyo huvioni. Mwenyeji mwema huweka mezani soda, maji au togwa kabla hajaulizwa, wala hasemi lolote. Na asiyekunywa naye asiwahubirie wanaokunywa kwa kiasi, maana huyo huyo bin Sira anaonya tusimkemee jirani wala kumdharau anapofurahi karamuni.

Tano, fikirini safari ya kurudi na mfuko wa kila mmoja. Katekisimu ya Kanisa, namba 2290, inasema kwamba anayehatarisha usalama wake na wa wengine kwa ulevi ana hatia nzito, si barabarani tu bali hata majini na angani. Sisi wa ziwani tusipite haraka kwenye neno hilo "majini". Aliyekunywa asishike pikipiki, wala asishike injini ya mtumbwi. Ajulikane mapema atakayewarudisha wenzake nyumbani, na huyo asiguse kikombe. Na kuhusu fedha, patane kabla ya kuketi: nani atalipa, na kiasi gani. Ni aibu kumburuza rafiki mwenye mshahara mdogo katika karamu ya bei kubwa, halafu kugawanya deni sawasawa. Kule Korinto mmoja alilewa na mwingine akabaki na njaa penye meza moja, na Paulo aliona kwamba hiyo ni kuwatahayarisha wasio na kitu.

Najua wapo watakaosema: "Padre, kwa nini usimwambie kijana asiende kabisa?" Hoja hiyo ninaiheshimu, kwa sababu nimezika watu niliowabatiza, na pombe ilikuwa kaburini kabla yao. Walakini nimefikiri juu ya viroba, vile vipakiti vya pombe kali vilivyopigwa marufuku nchini kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Kiroba kilikuwa pombe isiyo na mwenyeji. Hakuna aliyekionja kabla yako, hakuna aliyekutazama, hakuna aliyekuambia "ndugu yangu, yatosha". Mtu alikitia mfukoni akanywa peke yake njiani. Wengi walipotea kwa sababu walikunywa mahali pasipo na adabu wala mtu. Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 40 ya Kanuni yake, aliwakadiria watawa kipimo cha divai kwa siku, akiwahimiza wanywe kwa kiasi, naye akawapa heshima waliojaliwa nguvu ya kujinyima. Pande zote mbili ziliketi meza moja.

Wanyakyusa wa Rungwe wana neno ukwangala, yaani kukaa pamoja na wenzako kwa furaha, kula, kunywa na kuzungumza. Mtaalamu Monica Wilson alilipa neno hilo uzito katika kitabu alichokichapisha mwaka 1951 juu ya vijiji vyao vya marika. Hicho ndicho kipimo nilichompa kijana wetu. Aende, aonje kidogo, aulize mapishi, aondoke kwa wakati wala asiwe wa mwisho. Kesho yake ajiulize: je, wote tulioketi pale tumeamka salama, pamoja na yule aliyefunika kikombe?

Yule ndugu yangu wa sherehe ya ubatizo alisimama tena, baada ya muda mrefu. Tunapokutana kwenye karamu, mimi ndiye ninayemsogezea chupa ya maji. Hatujawahi kulizungumza jambo lile.

Nawatakia Dominika njema.

Wenu katika Kristo,
Paroko